Kitabu, mdomo au manila? Kuchagua namna ya kuwasomea watoto hadithi kwenye usaili wa mwalimu msaidizi

Simu ya kuitwa kwenye usaili wa mwalimu msaidizi wa darasa la awali huweza isiishie kwenye "njoo na vyeti halisi". Unasikia wanaongeza: "na ujiandae kuwasomea watoto hadithi, robo saa hivi." Ukishakata simu ndipo mashaka yanapoanza. Utafute kitabu? Usimulie kwa mdomo ile ya bibi yako? Au upitie duka la steshenari ununue manila na maka peni, ukachore?

Nimewahi kukaa upande wa jopo katika usaili wa namna hii hapa Mwanza, kwa hiyo sitajifanya sina upande. Msaidizi haajiriwi ili amshinde mwalimu wa darasa kwa kufundisha. Anaajiriwa aone: aliyekaa nyuma ya nguzo asiyeona picha, aliyebanwa na haja ndogo, anayemfinya mwenzake, aliyenyamaza tangu asubuhi. Ninapolinganisha njia hizi tatu, kipimo changu cha kwanza ni hiki: ipi inayoacha macho yako yabaki kwa watoto? Sauti nzuri na mbwembwe vitafuata.

Kwanza mpigie aliyekuita

Usione haya. "Shikamoo mwalimu. Samahani, naomba kuuliza kidogo kuhusu lile zoezi la hadithi." Jopo lenye akili halimkati mtu alama kwa kuuliza, na mimi humwongezea. Uliza watoto watakuwa wangapi na wa umri gani, watakaa kwenye mkeka au kwenye madawati, ndani au chini ya mti, na lugha itakuwa Kiswahili au Kiingereza.

Jibu la idadi ndilo linaloamua mengi. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na kila aliyewahi kufundisha mjini anajua kwamba kiwango ni kitu kimoja na darasa lenyewe ni kitu kingine. Kwenye usaili unaweza kuwekewa watoto sita kwenye jamvi, au ukaachiwa darasa zima limebanana. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kosa la wengi ni kuandaa moja wakaikuta nyingine.

Kitabu cha picha mkononi

Hii ndiyo njia ambayo majopo mengi huwa nayo akilini yanaposema "kusoma". Faida yake kubwa haitajwi sana: kitabu kinakushika mkono. Ukitetemeka, maneno yapo. Ukisahau, unafungua ukurasa. Na mtoto anakuona unasoma kweli, anaona kwamba yale maandishi meusi ndiyo yanayotoa sauti. Kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu zaidi ya daftari la dada yake, hilo peke yake ni somo.

Hasara yake ni ukubwa. Kitabu cha kawaida kinaonwa vizuri na watoto sita, saba, wanane walioketi nusu duara. Zaidi ya hapo wa nyuma wanaanza kusimama, wa mbele wanaanza kupiga kelele "Ticha, hatuoni!", na wewe unaanza kuzungusha kitabu huku na huku mpaka hadithi inakatika vipande. Karatasi inayong'aa nayo ina matata yake: ukikaa kuelekea dirisha la mashariki asubuhi, watoto wataona mwanga wa jua badala ya picha.

Kuna ustadi wa kukishika. Kitabu kikae pembeni ya bega, kurasa zikiwaelekea watoto, wewe usome kwa kutupia jicho upande. Anayesoma kitabu kikiwa mapajani kisha akakigeuza ili "waone picha" anawapoteza watoto kila anapogeuza. Fanya mazoezi mbele ya kioo, au mbele ya mdogo wako asiye na huruma.

Cha kupata wapi? Maktaba ya mkoa ipo mjini. Mtandaoni kuna African Storybook, mradi wa Saide ya Afrika Kusini, wenye hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapa bure. Zimepangwa kwa ngazi, ya chini kabisa ikiwa na maneno machache kwa ukurasa. Chapa kwa rangi kwenye karatasi nene, zifunge vizuri, tayari. Usije na hadithi kwenye simu. Kioo kidogo hakionwi na mtu, na ujumbe wa mpenzi wako ukidondoka katikati ya hadithi, shauri yako.

Ukichagua kitabu, usisome tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka miwili hivi. Wale ambao wazazi wao walifundishwa kusoma kwa kuuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu ya mtoto walipiga hatua katika kuzungumza kuliko waliosomewa kwa mazoea. Mwaliko wa namna hiyo ni rahisi. Mtoto akisema "mbwa", wewe unasema: "Ndiyo, mbwa mweusi. Anakimbilia wapi?" Jopo likisikia hivyo mara mbili au tatu linajua linazungumza na mtu wa aina gani.

Kusimulia kwa mdomo

Hapa kuna wanaozaliwa nayo. Anasema "Hadithi, hadithi!" na darasa lote linaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!", na kuanzia hapo hata mpishi anasimama mlangoni. Mikono yako iko huru, macho yako yako kwa watoto muda wote. Kwa kipimo nilichoanza nacho, hii ndiyo ingeshinda. Haihitaji pesa, haihitaji zana, na muda ukikatwa unafupisha papo hapo bila mtu kujua.

Mbona basi siipendekezi kwa kila mtu? Kwanza, woga. Usaili ni usaili. Msimuliaji hodari wa jikoni kwao anaweza kusimama mbele ya watu wazima watatu wenye kalamu akageuka redio iliyoisha betri. Pili, neno walilosema ni "kusoma". Jopo lenye msimamo litauliza maandishi yako wapi, na itabidi ujieleze. Tatu, na hili ni la kwetu kabisa, mvua. Usiku ziwa linabaki na joto kuliko nchi kavu, hewa inapanda, mawingu yanajijenga juu ya maji, na alfajiri radi inatua upande wetu. Usaili wa saa mbili asubuhi wakati wa masika unaweza kufanyika chini ya bati linalopigwa mvua. Mwenye picha ataendelea kwa kuonyesha. Mwenye mdomo mtupu atapayuka.

Ukiamua kusimulia, chagua kipande, si hadithi nzima. Chukua ile ya Kisukuma ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, na Masala Kulangwa, kijana aliyezaliwa na mama aliyenusurika kwa kujificha. Nzima ni ndefu na ina mambo mazito kwa mtoto wa miaka minne: kumezwa, kupasuliwa tumbo, laana mwishoni. Lakini katikati yake kuna sehemu ambayo kama ingeandikwa kwa ajili ya chekechea isingekuwa bora zaidi. Kijana anaua kiumbe kidogo, anakimbilia nyumbani: "Mama, nimemuua Shing'weng'we!" Mama anajibu: "Hapana mwanangu, huyo ni panzi." Anarudi tena na ndege. "Hapana mwanangu, huyo ni ndege." Kila safari mnyama anakua, na kila safari darasa linamjibu kwa sauti kubwa zaidi. Unaweza kuchagua wanyama wako. Ishia pale anapokutana na zimwi mwenyewe na kulishinda, watu wakatoka wakiwa hai, wakaimba. Kuchinja kuache.

Jambo la kuangalia: darasa la Mwanza si la Wasukuma peke yao. Kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Wahaya, Wakurya, Wajaluo. Jina la zimwi watalifurahia wote. Sentensi nzima za Kisukuma zitawaacha baadhi yao nje.

Picha kwenye manila

Naikalia hii kwa muda, kwa sababu ndiyo ninayomshauri mwombaji wa kawaida asiye na kipaji cha usimulizi na ambaye hajaambiwa idadi ya watoto.

Wazo lake si geni. Miaka ya 1970 Don Holdaway na walimu wa New Zealand walieneza matumizi ya vitabu vikubwa darasani. Walitaka mtoto aliye katikati ya wenzake wengi apate kile anachopata mtoto aliyepakatwa na mzazi: kuona picha na maneno wakati yanasomwa. Manila yako ni kitabu kikubwa kilichokatwa kurasa. Picha nne au tano, kila moja nusu manila, chini yake sentensi moja yenye herufi kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya darasa. Kamba na vibanio vya nguo; unaning'iniza moja baada ya nyingine. Mikono inabaki mitupu, macho yanabaki kwa watoto, na maandishi yapo. Hata mvua ikishuka, sentensi inaonekana.

"Sijui kuchora" si sababu. Kuku wa duara mwenye miguu miwili ya kijiti anatambulika na kila mtoto, na kuku mbaya huchekesha kuliko kuku mzuri. Kinachoharibu ni wino mwepesi na picha iliyojaa vitu. Kitu kimoja kikubwa kwa kila karatasi kinatosha.

Hadithi yenyewe itunge iwe ya hapa. Mfano, na uko huru kuuchukua: kuku wa Bibi Minza amepotea. Picha ya kwanza, Bibi Minza anatazama kwenye nyufa za mawe makubwa nyuma ya nyumba, kama yale ya Igogo na Mabatini, ambako nyumba zimepanda mlima pamoja na mawe yake. Ya pili, sokoni, kwenye matenga ya nyanya. Ya tatu, stendi, chini ya kiti cha daladala. Ya nne, kivukoni Kamanga, katikati ya mizigo. Kila mahali anauliza: "Kuku wangu yuko wapi?" na darasa linaitika: "Hayupo hapa, Bibi, tazama pale!" Ya tano, nyumbani: kuku yuko chini ya kitanda, amelalia mayai. Kibwagizo kimoja, mahali panne wanapopajua, mwisho wa kufurahisha. Na jopo linapotazama, watoto ndio wanaofanya kazi.

Ubaya wa manila? Muda. Ni kazi ya jioni nzima, pengine mbili. Zikisafirishwa kwenye daladala ya asubuhi zinakunjamana, kwa hiyo zikunje duara ndani ya bomba la plastiki au zifunge kwa khanga. Nje, upepo wa ziwa wa mchana utazipeperusha. Vibanio vya ziada ni lazima. Na kama umewekewa watoto watano tu kwenye mkeka, kamba na manila zinakuwa kelele isiyo ya lazima. Hapo chukua karatasi zilezile, shika mkononi moja moja.

Vikaragosi vya soksi nimeviona pia. Vinafurahisha, lakini mgeni anayevivaa mara ya kwanza huishia kuongea na mkono wake. Viache mpaka uajiriwe.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| | Kitabu | Mdomo | Manila |
|---|---|---|---|
| Watoto wachache kwenye mkeka | bora kabisa | inafaa | imezidi |
| Darasa zima | haionekani nyuma | inafaa ukiwa na sauti | bora kabisa |
| Ukipatwa na woga | maneno yapo | hatari | picha zinakukumbusha |
| Mvua juu ya bati | nusu nusu | hapana | inaokoa |
| Dakika zikikatwa | vigumu kuruka kurasa | rahisi | ondoa picha moja |
| Maandalizi | madogo ukikipata | ya kichwani | jioni moja au mbili |

Kiswahili au Kiingereza

Soma kwa lugha ya darasa lile. Shule ikiwa ya Kiingereza na Kiingereza chako kinachechemea, swali la njia limejibiwa: chukua kitabu, tena cha ngazi ya chini. Kusimulia kwa Kiingereza kisicho chako mbele ya jopo ni kujitafutia aibu bure. Mtoto akikujibu kwa Kiswahili, usimkemee. Pokea jibu lake, kisha lirudishe kwa Kiingereza. Katika shule ya Kiswahili, mtu anayechomeka Kiingereza ili aonekane msomi hunichosha, na nadhani siko peke yangu.

Hadithi ya wanyama au ya ziwani

Sungura na Fisi watakuwepo. Asubuhi moja ya usaili jopo linaweza kumsikia Sungura akimdanganya Fisi mpaka linamwonea Fisi huruma. Si vibaya, ila haikusaidii kukumbukwa. Na fisi kwa Usukuma ana habari zake za usiku na wachawi ambazo mtoto mmoja akizianzisha, hadithi imekwisha.

Ya ziwani ina uhai, ila pima darasa. Mtoto wa Igombe au Kayenze anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Mtoto wa Buhongwa huenda dagaa anamjua akiwa kwenye kikaango tu. Kwa huyo, anza na kikaango.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: mtumbwi au meli inayozama isiwe kichekesho. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Watoto wa awali hawakuwepo, lakini aliye mbele yako na kalamu anaweza kuwa alipoteza mtu.

Robo saa inavyogawanyika

Haraka tu: dakika mbili za salamu na kuwaketisha, mbili za kutazama jalada au picha ya kwanza na kubahatisha kitakachotokea, sita au saba za hadithi yenyewe, zilizobaki za shughuli.

Kwenye shughuli, kuchora kunaonekana rahisi, lakini kugawa kalamu za rangi kunakula dakika zote na ugomvi wa nyekundu unaanza. Kuigiza ni kuzuri kwa kikundi kidogo. Mwenye manila ana cha bure: zichanganye picha, ziweke chini, waambie wazipange upya. Hapo mpe nafasi yule ambaye hakuinua mkono tangu mwanzo. Mwite kwa jina. Kama hujalijua, uliza. Akikataa, usimlazimishe, mwambie ashike kibanio.

Mtoto akiondoka kwenye mkeka, usikatishe hadithi ili kumfuata kwa macho makali. Endelea kusoma, sogea upande wake, mpe karatasi ya kushika. Ukisema "nitakuchapa", hata kwa utani, kwa jopo nililokaa mimi mazungumzo yameishia hapo.

Beba nakala mbili za andalio lako la somo lililoandikwa kwa mkono msafi, ukurasa mmoja: lengo, zana, hatua, maswali utakayouliza. Tegemea kuulizwa: "Mwalimu wa darasa ndiye anasoma hadithi hii. Wewe msaidizi uko wapi?" Jibu linalonifurahisha ni la mtu anayesema ameketi chini na watoto, karibu na wale wanaotawanyika, akiitikia kibwagizo pamoja nao, na kwamba amekubaliana na mwalimu mapema nani atamshughulikia mtoto anayelia.

Na ikiwa simu imekuja saa kumi na mbili jioni kwa usaili wa kesho saa mbili, maduka ya steshenari yamefungwa na kitabu huna? Geuza kalenda ya zamani ukutani. Upande wa nyuma ni mweupe. Chora panzi, ndege, mbuzi, na zimwi lenye tumbo kubwa. Andika chini ya kila mmoja "Hapana mwanangu", isipokuwa la mwisho.